Kwa Nini Kosa la Jirani Hutukera

Kuna mzaha mmoja ambao kila mwalimu wa Kiswahili katika Afrika ya Mashariki ameusikia. Husemwa kwamba Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikakulia Tanzania Bara, kikaugua Kenya, kikafia Uganda, na kikazikwa Kongo. Mzaha huu husimuliwa kwa furaha, na sisi tuishio Uganda, ambao kwetu ndiko marehemu alikokatia roho, hucheka pamoja na wasimulizi kwa kuwa adabu hutaka hivyo. Nimefundisha lugha hii kwa miaka mingi katika shule za sekondari za Buganda, na nimeusikia mzaha huo mikutanoni, garini, na hata arusini. Kila niusikiapo hunijia swali lililo pana kuliko Kiswahili chenyewe. Kwa nini binadamu ni mwepesi wa kupoteza subira mbele ya kosa la mwenziwe? Na kwa nini wepesi huo haulingani na ukubwa wa kosa lenyewe?

Ndugu msomaji, naomba tuanze na jambo ambalo yamkini nawe umepata kulishuhudia. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimeketi katika mkahawa mdogo mjini Mombasa. Akaingia mtalii kutoka Ulaya, akamwambia mhudumu, "Mimi taka kikombe moja ya chai." Mhudumu alifurahi kama aliyetembelewa na jamaa yake wa siku nyingi. "Ala! Kumbe unajua Kiswahili!" akasema, na wateja wawili watatu wakamsifu mgeni kwa vifijo. Haukupita muda mrefu akaingia dereva wa lori kutoka kwetu Uganda, mtu mzima, vumbi la safari lingali katika nguo zake. Akasema kwa utulivu, "Naomba kikombe kimoja cha chai, lakini usitie sukali." Kijana aliyeketi karibu na mlango aliidaka sauti ile papo hapo, akairudia huku akiivuta: "Sukaaali!" Mkahawa mzima ukacheka. Dereva alikunywa chai yake kimya, akalipa, akaenda zake.

Hebu tufanye hesabu kama tufanyavyo tunaposahihisha madaftari. Mtalii alisema maneno sita, akakosa mara tatu: kitenzi hakikuwa na kiambishi, na upatanisho wa ngeli ulivunjika mara mbili. Dereva alisema maneno manane, akakosa sauti moja. Laiti subira ya watu ingalipimwa kwa uzito wa kosa, dereva angalisifiwa na mtalii angalisahihishwa. Yaliyotokea yalikuwa kinyume chake. Watu wale hawakuwa wakipima kosa hata kidogo. Walikuwa wakimpima mkosaji.

Jambo hili halihusu lugha peke yake. Mgeni akivunja kikombe nyumbani mwako, utakuwa wa kwanza kumwambia, "Si kitu, bwana, hicho ni kikombe tu." Mtoto wako akikivunja kikombe kile kile siku ya pili, atasikia maneno mengine, na pengine hatasikia maneno peke yake. Bei ya kikombe haikupanda usiku ule. Kilichobadilika ni yule aliyekivunja, na kile tunachodhani kwamba anatuwia. Kwa mgeni hatukutazamia lolote, kwa hiyo kila alifanyalo vizuri ni zawadi. Kwa mtoto, kwa ndugu na kwa jirani tumetazamia kila kitu, kwa hiyo kila akosapo tunaona kwamba ametunyima haki yetu. Ndiyo maana Mzungu anayebabaisha Kiswahili huonekana ametuheshimu, na Mganda, Mnyarwanda au Mrundi anayekisema kwa ufasaha zaidi yake huonekana ameturarulia nguo.

Tena iko sababu nyingine iliyo ya siri zaidi. Mtu wa mbali hawezi kuchanganywa nasi, lakini jirani aweza. Mtu akitaka kuonyesha kwamba yeye ni wa ndani, hana njia iliyo rahisi kuliko kumcheka aliye kizingitini. Nimeona mara nyingi kwamba wanaocheka kwa sauti kubwa kabisa si wazee wa pwani waliokinyonya Kiswahili pamoja na maziwa ya mama zao. Wazee wale aghalabu husikiliza, hupata maana, na mazungumzo huendelea. Wachekaji wakubwa ni wale waliojifunza juzi, ambao bado wana hofu kwamba siku moja wataulizwa wametoka wapi. Aliyevuka mto jana ndiye amkemeaye zaidi aliye ukingoni leo.

Sasa tulitazame lile kosa lenyewe, kwa sababu tukilitazama kwa makini hasira hupungua bila kuombwa. Katika Luganda, sauti za *l* na *r* si sauti mbili zinazopambanua maana, kama zilivyo katika Kiswahili. Ni sura mbili za sauti moja. Sura ya *r* hutokea baada ya irabu *e* na *i*. Mahali pengine hutokea *l*. Mtoto wa Kiganda huifuata kanuni hii tangu siku anapoanza kusema, wala hajui kwamba anafuata kanuni, kama sisi sote tusivyojua kanuni za lugha zetu mpaka tufundishwe. Anapofika darasani, huileta kanuni yake pamoja naye. Kwa hiyo husema "habali" na "bahali", kwa kuwa irabu iliyotangulia ni *a*. Kisha huandika "kirimo" na hata "Kiswahiri", kwa kuwa irabu iliyotangulia ni *i*. Mwalimu asiyeijua kanuni hii huona vurugu: mtoto yule yule huweka *l* panapotakiwa *r*, na *r* panapotakiwa *l*! Humwita mzembe. Kumbe mtoto huyo ni mtiifu mno. Tatizo ni kwamba anaitii sheria ya nyumba nyingine.

Hali kadhalika katika msamiati. Kwa Kiswahili kulinda ni kuhifadhi kitu kisidhurike. Kwa Luganda *okulinda* ni kungoja. Kwa Kiswahili twafumba macho, na pia twafumba maneno. Kwa Luganda *okufumba* ni kupika. Mwanafunzi akiandika kwamba mama yake anafumba chakula huku watoto wakimlinda, usidhani kwamba amechezea lugha. Ameutumia urithi wake wa Kibantu, naye alikuwa na kila sababu ya kuutumaini, kwa maana urithi huo huo ulimfaa katika maneno *kusoma*, *kulima* na *kufa*, ambayo yapo katika lugha zote mbili. Mwanaisimu wa Uingereza aitwaye Pit Corder aliandika makala mwaka 1967 akieleza kwamba makosa ya mwanafunzi wa lugha yana mfumo, na kwamba humwonyesha mwalimu mwanafunzi amefika wapi katika safari yake. Nadhani makala ile yafaa kukumbukwa na kila mmoja wetu kabla hajaishika kalamu nyekundu.

Isitoshe, sheria za nyumba yetu wenyewe si nyepesi kama tunavyojidai. Mwanafunzi hufundishwa kwamba viumbe wenye uhai huchukua upatanisho wa ngeli ya kwanza, basi aseme "mbwa wangu" wala asiseme "mbwa yangu". Anaandika kanuni hiyo daftarini. Kesho yake anasema "rafiki wangu", nasi tunamkata, tukimwambia kwamba kwa Kiswahili sanifu husemwa "rafiki yangu". Je, rafiki hana uhai? Jawabu lipo, na mwalimu mwenye subira atalieleza: majina ya ujamaa na urafiki huufuata upatanisho wake wa pekee yanapounganishwa na vimilikishi. Lakini mwanafunzi aliyesema "rafiki wangu" alikuwa ameishika kanuni tuliyomfundisha kuliko tulivyoishika sisi. Tulimkemea kwa kutuamini.

Na hivyo vipimo vyetu vimetoka wapi? Katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanzishwa Kamati ya Lugha iliyozihusisha Tanganyika, Unguja, Kenya na Uganda. Uamuzi ule ulikuwa na faida kubwa kwa vitabu na shule, nami siubishi. Lakini tangu hapo mtoto wa Mombasa aliyesema "ndoo hapa" akimwita mwenziwe, au aliyesema "ndia" akikusudia njia, alikuwa amekosa mbele ya mwalimu, ingawa Muyaka bin Haji, malenga mkuu wa Mvita katika karne ya 19, alikuwa mtu wa lahaja hiyo hiyo. Usemi haukubadilika; mstari uliokuwa karibu nao ndio uliosogezwa.

Mara nyingine mstari husogezwa upande wa pili, na kosa huwa kanuni. Neno *kitabu* limetoka katika Kiarabu, na huko silabi ya kwanza ni sehemu ya shina lenyewe. Wingi wake ni *kutub*. Wazee wetu waliisikia ile *ki* kama kiambishi cha ngeli, wakasema *vitabu*. Kwa kipimo cha Kiarabu hilo ni kosa la wazi. Leo yeyote atakayekataa kusema *vitabu* ndiye atakayechekwa. Vivyo hivyo mzunguko wa barabarani tumeuita *kipilefti*, na wingi wake *vipilefti*, kutokana na amri ya Kiingereza ya kumtaka dereva ashike upande wa kushoto. Lugha tunayoilinda kwa ukali imejengwa, kwa sehemu yake nzuri, na watu waliokosea kwa pamoja, tena kwa ujasiri.

Pengine msomaji atasema: haya yote twayajua, mbona basi hatuna subira? Nafikiri ni kwa sababu ajuaye hawezi kwa urahisi kuirudia hali ya kutojua. Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, mtafiti Elizabeth Newton aliwataka watu wagonge meza kwa vidole wakiufuata wimbo maarufu, na wengine wasikilize wautambue. Wagongaji walitabiri kwamba wasikilizaji wangetambua nusu ya nyimbo. Katika nyimbo 120 zilizogongwa, zilitambuliwa 3 tu. Mgongaji alikuwa anausikia wimbo wote kichwani mwake. Msikilizaji aliambulia kishindo cha vidole. Nawaza kwamba hivyo ndivyo tulivyo mbele ya wanafunzi wetu. Wimbo wa Kiswahili umejaa vichwani mwetu, twagonga ubao, kisha twawakasirikia wasioitikia.

Subira nyingi kabisa ya kuvumilia kosa nimeiona sokoni. Marehemu mama yangu aliuza nguo kuukuu katika soko la Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Hakupata kusoma Kiswahili hata siku moja. Alikuwa akimwambia mteja, "Mimi nalinda wewe hapa," akikusudia kwamba atamngoja akienda kutafuta fedha, na mteja hakupata kudhani kwamba anawekewa ulinzi. Akiulizwa bei akajibu kwa neno lililopinda, mwenziwe alilinyosha katika kujibu, bila kicheko na bila somo: "Sawa, mama, utaningoja." Kwa njia hiyo, mwaka hadi mwaka, Kiswahili chake kilinyoka mpaka akawa anawapatanisha wachuuzi waliogombana. Sisemi kwamba watu wa sokoni ni wema kuliko walimu. Nasema kwamba kila mmoja wao alihitaji kitu kilicho mkononi mwa mwenziwe, na mwenye haja ya kuelewa hana nafasi ya kudhihaki. Kukosa subira huanza pale tunapokuwa hatuna haja na analosema mtu, tukabaki na namna anavyolisema.

Gharama ya jambo hili ni kubwa, nami nimeiona kwa macho yangu. Palikuwa na msichana wa kidato cha pili ambaye siku moja alisimama kusimulia juu ya ndugu yake aliyeoa. Akasema kwamba walialikwa kwenye "kalamu" ya arusi. Mwalimu aliyekuwa akimfundisha alicheka mpaka akainama, akamwuliza kama walikula wino. Kisha akaipeleka hadithi katika chumba cha walimu, na kabla ya juma kwisha shule nzima ilikuwa imempa msichana yule jina la Kalamu. Hakulia, wala hakushtaki. Alichofanya ni kunyamaza. Kazi zake za kuandika ziliendelea kuwa nzuri, na katika mtihani wa taifa alipata alama zilizowapita wengi waliomcheka. Lakini siku ya kuagana, alipoombwa awakaribishe wageni kwa Kiswahili, alitikisa kichwa, akarudi kuketi. Shule ilikuwa imemfundisha lugha na kumfunga kinywa kwa wakati mmoja.

Katika nchi yetu kunyamaza huko si jambo dogo. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa nchini Uganda mwaka 1973, katika utawala wa Idi Amin, na kwa watu wengi wa kizazi kile ilikuwa ni lugha waliyoisikia kutoka kwa askari wenye bunduki. Aliyeamriwa kwa Kiswahili akakosa kuelewa, hakungoja kufafanuliwa. Wazazi waliopitia siku hizo walikuwa na sababu ya kutokipenda, na watoto wao walirithi mashaka hayo. Tangu hapo sheria zimefungua mlango. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kwamba kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Jirani zetu wa Rwanda nao walikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Hata hivyo, sheria yaweza kumfikisha mtoto darasani, lakini haiwezi kumfanya afungue kinywa. Mtoto ambaye babu yake aliogopa bunduki akisikia Kiswahili, naye akaogopa kicheko, atakuwa amerithi hofu ile ile katika vazi jipya.

Najua wako walimu wenzangu watakaosema kwamba subira ni mlango wa uzembe, na kwamba tukiacha kila mtu aseme apendavyo hatutabaki na lugha. Sikubaliani na uzembe. Mwanafunzi asiyetofautisha *mahali* na *mahari* ataleta taharuki katika posa, na asiyetofautisha *kula* na *kura* atauaibisha mkutano wa uchaguzi. Sharti afundishwe, tena afundishwe vyema. Tofauti iliyopo ni baina ya kulisahihisha neno na kumhukumu mtu. Husemwa kwamba kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Methali hii ni nzuri katika maadili, lakini katika lugha huwadhulumu watu. Ulimi uliozoea njia moja kwa miaka kumi na mitano hauwezi kuiacha kwa kuambiwa mara moja. Utairudia, na katika kurudia huko, akiwapo mtu wa kuunyosha pole pole, ndipo utakapojifunza.

Mimi nina desturi ambayo nawapendekezea wenzangu, nayo haihitaji fedha wala vifaa. Mwanafunzi akikosa, kabla ya kumpa jibu sahihi, humwuliza kwa upole, "Kwa nini umesema hivyo?" Mara nyingi atakupa sababu, na sababu ile itakufundisha wewe jambo kuhusu lugha ya nyumbani kwake. Hapo utaweza kumwambia, "Kanuni yako ni njema huko ulikotoka, huku tunayo nyingine." Kisha mpe jozi za maneno ayazoeze masikio kabla ya ulimi: kalamu na karamu, mahali na mahari, kula na kura. Na darasa likicheka, wape wachekaji neno la lugha ya mwenzao walitamke wao. Kicheko kitakwisha upesi, au kitawaenea wote kwa usawa.

Wazee walituambia kwamba ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Tunataka Kiswahili kisemwe kutoka Lamu hadi Lubumbashi, nacho kitasemwa huko kote na watu waliozaliwa katika lugha nyingine, wakiwa na mizigo ya lugha hizo mabegani. Tayari tunajua kuvumilia. Tumemwonyesha mtalii kwa miaka mingi jinsi tulivyo hodari wa kuvumilia. Kilichobaki ni kumpa jirani sehemu ya uvumilivu huo, maana yeye ndiye tutakayeishi naye, na watoto wake ndio watakaojaa madarasani mwetu muhula ujao.